Scrum Guide ya 2020: soma kijitabu cha bure kwanza, kozi baadaye

Vijana wanaoanza kazi ya programu huniuliza sana waanzie wapi kujifunza ajaili. Jibu langu halijabadilika: pakua Scrum Guide, toleo la Novemba 2020, usome mpaka mwisho, ndipo tuzungumze. Waandishi wake ni Ken Schwaber na Jeff Sutherland, Wamarekani wawili walioianzisha Skramu yenyewe, ambayo ni njia mojawapo ya ajaili, kwa hiyo husomi habari za kuambiwa. Kijitabu hakizidi kurasa 15. Hakiuzwi, hakidai ujisajili, hakikuombi hata barua pepe. Leseni yake inakuruhusu kukinakili na kukitafsiri, mradi utaje chanzo na utoe kazi yako kwa masharti yaleyale. Nakipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibakiza nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayowaumiza wengi hapa kwetu.

Naongoza timu ndogo ya watengenezaji programu Dar es Salaam. Tunatengeneza mifumo ya Saccos, ya shule binafsi, na ya wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo wanaotaka kuona stoo yao kwenye simu. Nawaandikia watu wa hali kama yetu: timu ya watu watano au sita, mteja anayepiga simu saa tatu usiku akitaka kitu kibadilishwe, na bajeti isiyoruhusu kuleta mshauri kutoka nje.

Kwa asiyejua kabisa, ajaili ni jina la jumla la njia za kutengeneza programu kwa vipande vidogo vinavyofanya kazi, unamwonyesha mteja kila kipande, na mnabadilisha mwelekeo kadiri mnavyojifunza. Wengi wetu chuoni tulifundishwa utaratibu mwingine: kusanya mahitaji yote, chora mfumo wote, andika msimbo wote, jaribu, kabidhi. Winston Royce aliuchora utaratibu huo kwenye makala yake ya mwaka 1970, na katika makala hiyohiyo akaonya kwamba kuufuata hivyohivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Mchoro ukasambaa duniani, onyo likaachwa kwenye makala. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Februari 2001, watu 17 walikutana kwa siku tatu huko Snowbird, katika milima ya Utah, Marekani, wakaandika ilani fupi ya ajaili. Walisema wanathamini zaidi watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka ndefu, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu nimesikia watu wazima wakidai ajaili ni kufanya kazi bila nyaraka na bila mpango. Ilani inasema wazi kwamba vile vya upande wa pili navyo vina thamani. Kinachozungumzwa ni kipi kitangulie pale viwili vinapogongana.

Schwaber na Sutherland walikuwamo kati ya wale 17, na Skramu yao ilikuwa na umri wake tayari. Sutherland, aliyewahi kuwa rubani wa kivita wa jeshi la anga la Marekani, alianza kuitumia mwaka 1993 katika kampuni ya Easel. Mwaka 1995 yeye na Schwaber wakaiwasilisha kwenye mkutano wa wataalamu wa programu mjini Austin, Texas. Wazo lenyewe lilitoka mbali zaidi: mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichapisha makala kuhusu namna kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox zilivyobuni bidhaa mpya kwa timu ndogo zilizoshika kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, badala ya kupokezana idara kwa idara. Napenda kuitaja asili hii kila ninapofundisha, kwa sababu inaonyesha kwamba jambo hili lilianzia kwa watu waliokuwa wakitengeneza magari na mashine za kunakili, wakiwa na shida zilezile za muda na wateja.

Sasa kijitabu chenyewe. Kinasema timu ya Skramu iwe ndogo, kwa kawaida watu 10 au pungufu, na ndani yake kuna nafasi tatu tu: mwenye bidhaa, anayeamua kipi kitangulie, skramu masta, anayeisaidia timu kuifuata Skramu inavyopaswa, na watengenezaji. Hakuna meneja wa mradi humo, hakuna mkuu wa kitengo. Kazi yote inayosubiri inakaa katika orodha moja iliyopangwa kwa umuhimu, yaani baklogi ya bidhaa. Timu inafanya kazi kwa sprinti, kipindi kisichozidi mwezi mmoja. Sisi tumechagua wiki mbili, kwa sababu wateja wetu wakikaa mwezi mzima bila kuona kitu wanaanza kuulizana kama tumekula hela. Sprinti inaanza kwa kikao cha kupanga, kila siku kuna kikao cha dakika 15, mwishoni kuna mapitio pamoja na mteja, na baada yake timu inakaa peke yake kujitathmini. Kwa sprinti ya mwezi mzima, kupanga kusizidi saa nane, mapitio saa nne, kujitathmini saa tatu. Sprinti ikiwa fupi, na vikao huwa vifupi zaidi. Mwisho wa kila sprinti kuwe na kipande cha programu kilichokamilika kweli, kwa kipimo ambacho timu ilikubaliana tangu mwanzo.

Hapo ndipo wengi hushtuka wanapokisoma kwa mara ya kwanza: mambo mengi yanayouzwa kama Skramu hayamo. Hakuna kupiga kura ya pointi kwa karata ili kukadiria ukubwa wa kazi. Hakuna ile sentensi ya kuandikia mahitaji, "nikiwa mtumiaji fulani nataka kadha ili nipate kadha". Hakuna sharti la kusimama wima kwenye kikao cha asubuhi. Hata yale maswali matatu maarufu, jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakuzuia, yaliondolewa katika toleo hili la 2020. Kinachotakiwa ni kwamba watengenezaji waangalie kama wanaelekea kwenye lengo la sprinti na watoke na mpango wa siku hiyo. Namna ya kufanya hivyo ni juu yao. Ukilijua hili unaokoa fedha na hasira, maana mtu akija kukuuzia programu ya kuhesabu pointi kwa hoja kwamba bila hiyo hufanyi Skramu, unamfungulia kijitabu na kumwomba akuonyeshe ukurasa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote inamhusu mwenye bidhaa. Kijitabu kinasema ni mtu mmoja, si kamati, na kwamba taasisi nzima lazima iheshimu maamuzi yake. Mistari hiyo ni michache, lakini kwa mtu aliyewahi kutengeneza mfumo wa Saccos ina uzito wa kipekee. Saccos ina bodi, ina kamati ya mikopo, ina kamati ya usimamizi, ina meneja, na juu ya wote hao kuna mkutano mkuu wa wanachama. Kila mmoja ana neno, na kila neno ni halali. Meneja anataka ripoti ya mikopo chechefu itangulie. Mwenyekiti wa bodi anataka wanachama waangalie salio kwenye simu kabla ya mkutano mkuu. Kamati ya mikopo inataka fomu ya wadhamini. Timu ikisikiliza simu zote hizo inafanya robo ya kila kitu.

Tulichofanya, kwa kukifuata kijitabu neno kwa neno, ni kukataa kuanza kazi kabla Saccos haijatuandikia barua ikimtaja mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupanga kipi kianze. Tulikaa na bodi tukawaeleza kwamba mtu huyo hawaondolei sauti yao. Wao wanamshawishi yeye, yeye anaamua mpangilio, sisi tunatengeneza. Wakamchagua mhasibu, mama wa makamo ambaye amekaa na madaftari ya Saccos hiyo tangu enzi za kalamu. Tangu siku ile, mwenyekiti akinipigia usiku namjibu kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, nimelipokea, naomba umfikishie mama mhasibu aliweke kwenye orodha." Na analifikisha. Watu wa makamo na wazee wetu wanaheshimu sana utaratibu wenye barua na jina la mtu. Kijitabu hakikuandikwa kwa ajili ya Saccos ya Tanzania, lakini kifungu hiki kimekaa kwetu barabara.

Na huyohuyo mama ndiye aliyenionyesha thamani ya mapitio ya sprinti. Hati ya mahitaji tuliyokabidhiwa ilikuwa nene, ina mihuri, na juu ya marejesho ilikuwa na mstari mmoja: mfumo upokee marejesho ya mkopo. Basi. Mwisho wa sprinti tukampa simu, ya bei ya chini kama wanazotumia wanachama wengi, tukamwomba aingize malipo ya mwanachama wa mfano. Akaingiza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, huyu alitakiwa alete elfu themanini, kaleta hamsini. Hiyo hamsini imekwenda wapi?"

"Imepunguza mkopo, mama," akajibu kijana wetu.

"Hapana. Hapa tunakata faini kwanza, halafu riba, kinachobaki ndicho kinapunguza mkopo. Na faini yenyewe haianzi siku ya kwanza, tunampa mtu siku za kujitafuta."

Sentensi mbili, na hazikuwamo popote katika ile hati. Si kwamba walitaka kutuficha. Mtu aliyeifanya kazi miaka mingi hawezi kukumbuka kueleza jambo ambalo mikono yake inalifanya bila kufikiri. Lilitoka alipoiona namba ikiwa imekaa vibaya mbele ya macho yake. Kwa kuwa tulikuwa na kipande kidogo, marekebisho yaliingia kwenye sprinti iliyofuata bila kubomoa kitu. Jaribu kuwaza jambo hilohilo likigunduliwa baada ya mwaka, salio za wanachama wote zikiwa zimeshaingizwa na gawio limeshapigiwa hesabu. Fundi cherehani anayeijua kazi yake anakuita uje kujaribu nguo kabla hajamalizia mishono, na mapitio ya sprinti ni huko kuitwa.

Kijitabu kinasisitiza kwamba mapitio ni kikao cha kazi, na kinatahadharisha yasigeuzwe kuwa maonyesho tu. Naungana nacho kabisa. Ukienda na slaidi, wateja wetu watapiga makofi, watakushukuru, watakuombea dua, na hutajua kitu. Mpe mtu simu mkononi, wewe nyamaza.

Kikao cha kila siku nacho kimewekewa mipaka mizuri ambayo haifuatwi. Ni cha watengenezaji. Mwenye bidhaa au skramu masta anashiriki ikiwa naye ana kazi ndani ya sprinti ile, na hapo anashiriki kama mtengenezaji. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, ilikigeuza kikao hicho kuwa kuita majina. Bosi anakaa mbele na daftari, mnajipanga, kila mtu anajieleza kama yuko mbele ya mwalimu wa zamu, dakika 15 zinakuwa saa nzima, na mtu aliyekwama hathubutu kusema amekwama kwa sababu kusema ni kujitafutia barua. Baadaye wakasema ajaili haifai kwa Waafrika. Nasikitika kila nikikumbuka, kwa sababu mle ndani kulikuwa na vijana wazuri sana, na wengi wao wamelichukia jambo hili bila kuwahi kuliona likifanywa inavyopaswa.

Kikao cha kujitathmini kinahitaji kazi ya ziada kwetu, na hapa kijitabu hakikusaidii sana. Kinataja uthubutu, uwazi na heshima katika orodha ya maadili matano, pamoja na kujitoa na kuzingatia lengo, kana kwamba yote hayo yanakaa pamoja bila shida. Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Kijana wa miaka 22 aliyemaliza chuo mwaka jana hatamwambia mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi kwamba msimbo wake ndio uliochelewesha kila mtu. Atasema "mimi naona mambo yako sawa", na sprinti ijayo mtachelewa tena palepale. Sikubaliani na wanaosema tuvunje heshima ili Skramu ifanye kazi. Kwetu kila mtu anaandika jambo lake kwenye kadi bila jina, kadi zinachanganywa, mtu mwingine anazisoma. Mdogo kuliko wote anazungumza kwanza, mimi nazungumza mwisho. Na tunajadili kazi, hatumjadili mtu: "majaribio yalikaa siku tatu bila kuangaliwa" badala ya "fulani hakuangalia". Kwa njia hiyo maneno yametoka, tena mazito, na asubuhi yake watu wameamkiana vizuri.

Nije kwenye nyota niliyoibakiza.

Kwanza, kijitabu hakikufundishi kutengeneza programu. Hakisemi lolote juu ya kuandika majaribio ya msimbo, kukagua msimbo wa mwenzako, kuunganisha kazi za watu kila siku, au namna ya kuipandisha programu kwenye seva bila kuwatoa wateja jasho. Waandishi wamefanya hivyo kwa makusudi, na toleo la 2020 limepunguza zaidi lugha ya kompyuta ili hata watu wa kazi nyingine wakitumie. Nawaelewa, lakini kwa timu ya programu hilo ni pengo kubwa. Timu inayokwenda sprinti baada ya sprinti bila majaribio ya kujiendesha inafika mahali ambapo kila kitu kipya kinavunja cha zamani, na wiki mbili zote zinaliwa na kuziba viraka. Dawa yake iko kwa ndugu mwingine wa ajaili, ile njia ya Kent Beck inayojulikana kwa kifupi kama XP (Extreme Programming), iliyokomaa miaka ya 1990 katika mradi wa mishahara wa kampuni ya Chrysler. Huko ndiko kuna kuandika jaribio kabla ya msimbo, watu wawili kukaa kwenye kompyuta moja, na kuunganisha kazi mara nyingi kwa siku. Ukichukua Skramu, chukua na hayo. Kipimo chetu cha kukamilika kimebandikwa ukutani na kina mambo manne: msimbo umekaguliwa na mtu wa pili, majaribio yote yamepita, imejaribiwa kwenye simu ya bei ya chini yenye mtandao dhaifu, na mtu wa upande wa mteja ameigusa kwa mkono wake. Kitu kikikosa moja kati ya hayo kinarudi kwenye baklogi, hata kama kimebaki asilimia moja na hata kama mwenyekiti anakisubiri.

Pili, mkataba. Hili ndilo linalonikera zaidi. Kijitabu kinazungumza kana kwamba timu na mteja wako kampuni moja, mshahara unaingia, na mnaweza kugundua bidhaa taratibu. Sisi tunaishi kwa zabuni na proforma. Mteja anataka bei moja, orodha moja ya mahitaji na tarehe moja ya kukabidhi, vyote vimesainiwa kabla mtu hajaandika mstari hata mmoja. Halafu unamwambia mabadiliko yanakaribishwa! Anakusikia vizuri sana: anabadilisha kila wiki, bei inabaki ileile. Nimeona timu za marafiki zangu zikifa hivyo, zikiwa na wataalamu hodari kabisa. Nilitamani ukurasa mmoja tu juu ya jambo hili.

Kwa kuwa haupo, naeleza tunavyofanya sisi. Bei ya mradi tunaigawa kwa awamu, na kila awamu inaishia kwenye toleo linalofanya kazi ambalo mteja analipokea kwa saini na kulilipia. Orodha ya mahitaji tunaiweka kwenye mkataba kama orodha ya kuanzia, pamoja na kifungu kinachomruhusu mwenye bidhaa kuingiza kitu kipya kwa kutoa kingine chenye ukubwa unaolingana ambacho hatujakigusa. Akitaka kuongeza bila kutoa, inakuwa awamu mpya yenye bei yake. Na kila upande una haki ya kusimama mwisho wa awamu bila ugomvi. Wateja wakubwa wa serikali mara nyingi hawawezi kukubali kifungu hicho cha kubadilishana, kwa sababu taratibu za manunuzi zinawabana, na hapo tunakubali orodha isiyobadilika lakini tunaomba angalau makabidhiano ya hatua kwa hatua. Hata hivyo Saccos, shule na wafanyabiashara wamekubali wengi, tena kwa furaha, kwa sababu wanaona hawalipi fedha zote mbele kwa kitu wasichokiona.

La tatu ni dogo. Skramu inafaa mnapojenga kitu kipya. Mkishakabidhi na kazi ikabaki ni kupokea simu, huyu kasahau nywila, yule ripoti haifunguki, sprinti ya wiki mbili haina maana, kwa sababu hamuwezi kupanga matatizo ambayo hayajatokea. Kwa kazi hiyo tunatumia Kanban, iliyochipuka kutoka viwanda vya Toyota: ubao wenye safu za kusubiri, inafanywa, imekwisha, na kikomo cha idadi ya kazi zinazoweza kuwa katikati kwa wakati mmoja. Kikomo hicho ndicho roho yake. Bila kikomo una ubao wa mapambo.

Kuhusu lugha: nimekisoma kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni kifupi lakini kikavu. Sentensi zimebanwa, mifano hakuna hata mmoja. Aya ya mwanzo juu ya nadharia, ile ya kujifunza kutokana na yanayoonekana, na nguzo tatu za uwazi, ukaguzi na kurekebisha, inaweza kumchosha mtu mgeni. Ushauri wangu ni kuipita haraka mara ya kwanza, uende moja kwa moja kwenye nafasi na matukio, kisha uirudie ukishafanya sprinti chache. Utaikuta inaeleweka vizuri zaidi, kwa sababu utakuwa na matukio ya kuipima.

Vyeti navyo naulizwa. Mtihani wa kwanza wa Scrum.org, taasisi aliyoianzisha Schwaber, una maswali 80 ndani ya dakika 60 na unahitaji asilimia 85 kufaulu. Hulazimiki kuhudhuria kozi yoyote kabla ya kuufanya, na cheti chake hakiishi muda. Wana pia jaribio la bure la maswali 30 kwenye tovuti yao, nalo linatosha kukuonyesha kama umekielewa kijitabu. Kama mwajiri anakutaka uwe na cheti, jisomee, jipime kwa lile la bure mpaka ulizoee, ndipo ulipie mtihani. Kozi za siku mbili hotelini zenye chai na mkoba wa zawadi zina faida yake, hasa mwalimu akiwa ametengeneza programu kweli kwa mikono yake. Muulize hilo kabla ya kutoa fedha. Ila usilipie kozi ili uambiwe yaliyomo kwenye kurasa ambazo ungezisoma bure jioni moja.

Namshauri akisome nani? Mtengenezaji yeyote, hata wa mwaka wa pili chuoni. Meneja wa Saccos au mkuu wa shule anayetaka kuagiza mfumo, akisoma sehemu ya mwenye bidhaa na ya mapitio tu, atakuwa mteja bora kuliko wengi niliokutana nao, na fedha zake zitafanya kazi zaidi. Mwenye kampuni ndogo asome yote, lakini aanze na mkataba wake kwanza. Anayefanya kazi peke yake hahitaji Skramu. Ubao wa Kanban na mteja anayepokea simu vinamtosha.

Kinapatikana scrumguides.org, kwa PDF na kwa kusoma palepale kwenye simu. Toleo la kwanza lilitoka 2010 na yamefuata mengine kadhaa, na lile la 2017 bado naliona likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watengenezaji, likiwa na maswali matatu ya asubuhi na mgawanyo wa zamani wa timu. Kabla hujaanza kusoma, hakikisha jalada linasema Novemba 2020.